Sura ya Tano: Kasri Kongwe, Bustani Changa

Mgeni anayetembelea kasri la Villandry, kiasi cha kilomita 15 magharibi ya mji wa Tours nchini Ufaransa, hukata tiketi akiamini kwamba anakwenda kuona mambo ya kale. Kwa upande wa jengo hajakosea. Kuta nyingi atakazoziona zilisimamishwa katika miaka ya 1530, na mnara mkuu uliobakizwa kwenye kona ni wa zamani zaidi ya hapo. Kwa upande wa bustani mambo ni mengine kabisa. Ule mpangilio wa vitalu vya mraba, nyua fupi zilizokatwa sawasawa na njia zilizonyooka, ambao ndio ulioipa Villandry sifa duniani, ulianza kutengenezwa mwaka 1908. Kabichi anazozipiga picha zilipandwa msimu huuhuu. Wapo watakaosikia habari hiyo wakahisi wameuziwa mbuzi kwenye gunia: walilipa ili waone karne ya 16, wakaonyeshwa kazi ya karne ya 20 iliyovishwa mavazi ya wazee. Sura hii inatetea msimamo mwingine. Bustani rasmi ya kasri haiwezi kupimwa kwa kipimo cha mawe, kwa sababu haijengwi mara moja ikaisha. Uhalali wake unategemea mambo matatu: ushahidi uliotumika kuichora, uwazi wa wanaoionyesha, na kazi inayofanywa kila siku ili isipotee. Kwa vipimo hivyo, Villandry haina deni kwa mgeni wake, na bustani kadhaa zinazojisifu kwa umri mkubwa zaidi haziizidi kwa lolote.

Tuanze na jengo, kwa kuwa ndilo lenye historia iliyonyooka. Kabla ya kasri palikuwa na ngome, na kijiji kiliitwa Colombiers. Hapo, tarehe 4 Julai 1189, mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, akiwa mgonjwa na ameasiwa na wanawe, alikubali kushindwa na Philippe Auguste, mfalme wa Ufaransa. Siku mbili baadaye alifariki huko Chinon. Karne tatu na nusu zikapita, na mwaka 1532 mahali hapo pakaingia mikononi mwa Jean Le Breton, ofisa wa fedha wa mfalme François wa Kwanza, ambaye alikuwa amejifunza mengi kuhusu ujenzi kwa kusimamia kazi za kasri kubwa la Chambord. Le Breton aliibomoa ngome, akabakiza mnara mkuu peke yake, na kufikia 1536 nyumba mpya ilikuwa imekamilika: mabawa matatu yanayozunguka ua, upande wa nne ukiwa wazi kuelekea bonde ambako mito ya Cher na Loire inakaribiana. Handaki la maji lilibaki, ila lilikuwa pambo tu. Madirisha mapana yakachukua nafasi ya matundu ya kurushia mishale. Ndivyo makasri ya bonde la Loire yalivyobadilika katika karne hiyo: mwenye nyumba hakuhofia tena kuzingirwa na adui, alitaka kuonekana, na yeye mwenyewe apate cha kutazama akifungua dirisha. Cha kutazama kilikuwa bustani.

Bustani hiyo ya Le Breton haikutufikia. Ukuta ukiachwa miaka 20 utaota kuvu na kupoteza mawe mawili matatu, lakini bado utajulikana kuwa ni ukuta. Bustani rasmi ikiachwa misimu michache tu, mistari yake inamezwa na magugu, nyua zinavimba na njia zinazibika. Tena si lazima iachwe, kwani mtindo ukibadilika inatosha kuifuta. Mwaka 1754 kasri lilinunuliwa na markizi wa Castellane, balozi wa mfalme Louis wa 15, aliyelirekebisha lifuate starehe za zama zake. Katika karne ya 19 wamiliki waliofuata waliupenda mtindo wa Kiingereza, ule wa mabustani yanayojifanya ya asili: nyasi zenye miinuko, vijia vinavyopinda, miti mikubwa iliyopandwa kama iliyojiotea. Mistari iliyonyooka ikafukiwa. Hapo ndipo alipotokea Joachim Carvallo, daktari na mtafiti wa fiziolojia mzaliwa wa Don Benito nchini Hispania, aliyefanya kazi Paris katika maabara ya Charles Richet, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1913. Mkewe, Ann Coleman, alikuwa Mmarekani wa Pennsylvania kutoka ukoo uliotajirika kwa biashara ya chuma. Walilinunua Villandry mwaka 1906, Carvallo akaiaga maabara, na kwa takriban miaka kumi kuanzia 1908 akashughulika na kuirudisha bustani ya aina ambayo kasri hilo lilistahili kuwa nayo.

Nimesema bustani ya aina hiyo, wala sikusema bustani yenyewe, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja. Carvallo hakuwa na mchoro wa bustani ya Le Breton unaoonyesha kila kitalu na kilichopandwa ndani yake. Alichokuwa nacho ni vipande vya ushahidi. Cha kwanza kilikuwa ardhi yenyewe, kwa maana mabaki ya kuta na mabomba yaliyozikwa yalionyesha ngazi za mteremko zilivyopangwa na maji yalivyopita. Cha pili kilikuwa michoro ya Jacques Androuet du Cerceau, msanifu aliyechapisha juzuu mbili za picha za majengo bora ya Ufaransa mwaka 1576 na 1579, akionyesha na bustani zake. Cha tatu kilikuwa michoro ya zamani ya nyumba za watawa, ambako mboga zilipandwa katika vitalu vya mraba vilivyopangwa kwa misalaba. Kutokana na hivyo akapata muundo wenye ngazi tatu: bustani ya mboga chini, bustani ya mapambo kwenye usawa wa kumbi za kasri, na bustani ya maji juu kabisa, yenye bwawa lililochongwa kwa umbo la kioo cha zama za Louis wa 15. Palipokosekana ushahidi, Carvallo alibuni, na kwa bustani ya mapambo alisaidiwa na wasanii wa Kihispania, ndiyo maana wajuzi wanaona humo harufu ya Andalusia ambayo Le Breton asingeitambua. Kwa hiyo tunachokiona si nakala ya kitu kilichokuwapo. Ni hitimisho la mtu aliyesoma dalili, kisha akajaza mapengo kwa akili na ladha yake.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi katika bustani ya mboga, ambayo ina ukubwa wa zaidi kidogo ya hekta moja. Imegawanywa katika miraba tisa yenye ukubwa sawa, kila mmoja ukiwa na umbo lake la ndani, na hakuna mawili yanayofanana. Kingo zake zimezungushiwa buksi, kichaka kifupi chenye majani madogo yasiyopukutika mwaka mzima, kinachovumilia kukatwa hadi kikawa na pembe kama tofali. Ndani ya kingo hizo rangi hutoka kwa mboga: bluu ya majani ya liki, zambarau ya kabichi nyekundu, wekundu wa bitiruti, kijani laini cha majani ya karoti, na ile mboga ambayo sisi huiita spinachi, yenye mashina manene mekundu au ya manjano. Maboga, biringanya na pilipili huingia zamu yake ikifika. Maua ya waridi yaliyofunzwa kusimama juu ya shina moja yamepangwa kwa ulinganifu katikati ya mboga, na kwa mujibu wa simulizi ya zamani yanawakilisha watawa wakilima vitalu vyao. Mboga hizi, za aina zipatazo 40, hupandwa mara mbili kwa mwaka: mpango wa kwanza hukaa kuanzia Machi hadi Juni, wa pili kuanzia Juni hadi Novemba. Kila mpango huchorwa upya, na mchoraji hana uhuru wote, kwa sababu mboga za ukoo mmoja hazirudishwi haraka katika udongo uleule, la sivyo udongo utachoka na magonjwa yatajichimbia. Uzuri wa picha unatii kanuni za mkulima.

Ukipanda ngazi hadi bustani ya mapambo unakutana na miraba minne inayosimulia mapenzi kwa buksi na maua. Upole wake unaonyeshwa kwa mioyo iliyotenganishwa na ndimi za moto, shauku yake kwa mioyo iliyovunjika-vunjika mithili ya watu wanaocheza dansi, ugeugeu kwa feni na barua katikati ya manjano ya usaliti, na msiba kwa maumbo ya majambia na panga, huku maua mekundu ya kiangazi yakisimama badala ya damu. Ni rahisi kumalizia macho hapo, kwenye fumbo. Lakini fumbo hilo lisingedumu hata miaka miwili bila makasi. Kuzunguka bustani zote kuna miti ya tilia 1,015 ambayo lazima ipogolewe kila mwaka. Kazi hiyo hufanywa majira ya baridi, miti ikiwa haina majani, na watunza bustani wanne huichukulia zaidi ya miezi mitatu. Kikosi kizima kina watu kama kumi tu. Wao ndio wanaootesha sehemu kubwa ya miche katika vitalunyumba, kuihamishia bustanini, kupalilia, kukata nyua na kuanza tena. Tangu 2009 wanalima bustani ya mboga bila dawa za viwandani, jambo linalowaongezea palizi. Hesabu hii inabadilisha swali la umri. Kwa nini tuipe bustani tarehe moja ya kuzaliwa, ilhali inafanywa upya kila Machi, kila Juni na kila Januari?

Atakayesema kwamba hali hii ni ya Villandry peke yake aende Versailles, ambako kila mtu anaamini kwamba anatembea katika bustani ya Louis wa 14 iliyochorwa na André Le Nôtre. Mchoro ni wa Le Nôtre kweli, ingawa umerekebishwa mara nyingi. Miti si yake. Majira ya baridi ya 1774 hadi 1775, Louis wa 16 akiwa ndio kwanza ameketi kitini, miti ya bustani ilikatwa kwa wingi kwa kuwa ilikuwa imezeeka, kisha ikapandwa mingine. Tarehe 26 Desemba 1999 dhoruba iliyopita kaskazini mwa Ufaransa iliangusha zaidi ya miti 10,000 katika eneo la Versailles, na upandaji mwingine ukafuata. Vaux-le-Vicomte, kasri ambalo Nicolas Fouquet alilizindua kwa karamu ya tarehe 17 Agosti 1661 na kumchochea mfalme aliyekwisha kupanga kumkamata, nalo lilikuwa na bustani iliyoharibika wakati Alfred Sommier, mfanyabiashara wa sukari, aliponunua mali hiyo mwaka 1875. Aliifufua kwa msaada wa michoro ya zamani, na mapambo ya buksi yaliyosifiwa sana karne ya 20 yalichorwa upya na Achille Duchêne katika miaka ya 1920. Basi mgeni anayeidharau Villandry kwa uchanga wake na kuisujudia Versailles kwa ukongwe wake anapima vitu viwili kwa mizani mbili. Tofauti iliyopo kati yao ni ya mnyororo: Versailles haikukatika kabisa, Villandry ilikatika. Ni tofauti yenye uzito, na hoja ya kwanza dhidi ya msimamo wangu inatokea hapohapo.

Hoja hiyo imeandikwa katika Mkataba wa Florence, uliotungwa mwaka 1981 na kusajiliwa mwaka uliofuata na ICOMOS, baraza la kimataifa linaloshughulikia majengo na maeneo ya kihistoria. Mkataba huo unakubali kwamba bustani ya kihistoria ni kumbukumbu hai, kwamba malighafi yake kuu ni mimea inayokufa na kupandwa tena. Lakini unaweka mpaka: pale bustani ilipotoweka kabisa, au pale kilichobaki ni dalili za kukisia tu, kinachojengwa hapo hakiwezi kuitwa bustani ya kihistoria. Kwa wanaoshika mkataba huo barabara, bustani ya mapenzi ya Villandry inaangukia nje ya mpaka. Mimi naukubali mpaka, ila sikubali hukumu inayotolewa mara nyingi baada yake, yaani kwamba kilicho nje ya mpaka ni cha uongo. Mkataba unakataa jina, haukatazi kitu kuwa na thamani. Bustani tunayoiona si ya Le Breton, ni ya Carvallo, na kama bustani ya Carvallo ni halisi kwa kila hali. Ina mwasisi anayejulikana, ina tarehe, na sasa ina umri unaozidi miaka 100. Villandry iliorodheshwa na serikali ya Ufaransa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1934, na bonde la Loire likaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Uongo ungekuwapo kama wenye kasri wangesema kwamba Le Breton alitembea kati ya nyua hizi. Hawasemi hivyo, maana habari za Carvallo wanazisimulia waziwazi kwa kila mgeni.

Suala la kitu kilichotoweka kisha kikarudishwa si la Wazungu peke yao. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza jengo kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, ambalo lilikuwa kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001. Lilijengwa upya, na mwaka 2023 likatolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hakuna aliyedai kwamba nyasi za paa jipya ni zilezile za karne ya 19. Kilichodaiwa, na kukubaliwa, ni kwamba maarifa ya kuezeka hayakufa, kwa kuwa ukoo wa Ngeye una wadhifa huo kwa desturi na uliweza kuurithisha. Mfano huu unaisaidia hoja yangu na papo hapo unaibana. Unaisaidia kwa kuonyesha kwamba kitu kinaweza kubadilishwa mwili wake wote na bado kikabaki chenyewe, alimradi ustadi umeendelea. Unaibana kwa sababu Villandry haikuwa na ukoo wa Ngeye. Mkulima wa Le Breton hakumfundisha mkulima wa Carvallo mchoro wa hapo. Hata hivyo, ustadi wa jumla wa kupogoa, kubebesha na kupanga mboga kwa mistari haukuwa umekufa Ufaransa, ulikuwa ukiendelea katika bustani za watawa, za makasri mengine na za wakulima wadogo. Carvallo aliukuta mzima. Alichokirudisha kutoka kwenye karatasi ni umbo, na mikono ya kulitunza ilikuwapo tayari. Kwa hiyo Villandry inasimama katikati: haina haki ya kudai mwendelezo wa Kasubi, wala haistahili kuwekwa fungu moja na mandhari ya sinema.

Hoja ya pili ni kali zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu inagusa kilichoangamizwa. Kila anayerudisha zama moja anafuta zama nyingine. Carvallo aliondoa mabadiliko ya karne ya 18 katika kasri na kuing'oa bustani ya Kiingereza ya karne ya 19, ambayo nayo ilikuwa historia ya watu waliowahi kuishi na kupenda hapo. Jambo hili liliwasumbua Waingereza pia katika kasri la Hampton Court karibu na London. Bustani ya faragha ya mfalme William wa Tatu ilirudishwa mwaka 1995 katika sura yake ya 1702, uchimbaji wa wanaakiolojia ukiwa umeonyesha mahali pa vitalu na njia, lakini ili kufika hapo ilibidi kukata miti ya zamani iliyokuwa imekua kupita kiasi, na wapo walioililia miti hiyo. Kwa hoja hii sina jibu la kuifuta. Ni gharama ya kweli, na haipungui kwa sababu matokeo yanapendeza. Ninachosema ni kwamba kutochagua hakupo. Aliyeacha bustani ya Kiingereza amechagua karne ya 19, na aliyeacha magugu amechagua magugu, kwa kuwa bustani haigandi katika hali ya jana ikingoja uamuzi wa kesho. Basi lawama isielekezwe kwa kuchagua, ielekezwe kwa kuchagua bila ushahidi au kuchagua kisha kuficha kilichofutwa. Hampton Court ilikuwa na uchimbaji na hati za kutosha. Villandry ilikuwa na pungufu ya hivyo, na kwa kipimo cha ushahidi naiweka chini ya Hampton Court bila kusita.

Hoja ya tatu hutolewa na wasiojali tarehe. Wao husema bustani rasmi ni majivuno ya mabwana, na kuitunza leo ni kuendeleza kusifu utawala uliowanyonya watu. Wana la kusema. Le Breton alijenga kwa nafasi aliyoipata katika hazina ya mfalme. Versailles ilihitaji maji mengi kiasi kwamba katika miaka ya 1680 maelfu ya wanajeshi walipelekwa kuchimba mfereji wa kuyaleta kutoka mto Eure, homa zikaua wengi wao, na mradi ukaachwa vita vilipozuka mwaka 1688. Carvallo naye aliziona zile ngazi tatu kama somo la mpangilio wa jamii, kila kitu na kila mtu mahali pake, wa juu juu na wa chini chini. Lakini bustani haifungwi na maoni ya mwenyewe. Fahari ya bwana huaminika pale tu kazi inapofichwa, mgeni akadhani mistari imejinyoosha kwa amri. Anayeijua idadi ya miti ya tilia na urefu wa msimu wa kupogoa hawezi tena kumsifu bwana peke yake. Tena Villandry imefanya jambo ambalo makasri mengi yaliona aibu kulifanya: imeiweka mboga, chakula cha kila siku, mbele ya madirisha, ikaipa heshima iliyokuwa ya maua. Na Carvallo huyohuyo alifungua milango yake kwa umma, kisha mwaka 1924 akaanzisha chama cha wamiliki wa nyumba za kihistoria kiitwacho La Demeure Historique, akiwahimiza wenzake wafanye vivyo hivyo. Leo kiingilio cha wageni kimekuwa nguzo ya matunzo ya mahali ambapo zamani mkulima asingepita langoni bila ruhusa.

Mtihani wa mwisho wa hoja yangu umeletwa na wadudu. Nondo kutoka Asia Mashariki, aliyegunduliwa Ulaya yapata mwaka 2007 huko Ujerumani, ameenea karibu bara zima, na kiwavi wake hula majani ya buksi hadi yakabaki matawi makavu. Ukungu unaoshambulia kichaka hichohicho ulikwisha kutangulia. Vaux-le-Vicomte iliathirika vibaya hata mwaka 2019 buksi za yale mapambo ya Duchêne zikang'olewa, na mahali pake pakatandazwa kwa muda utepe wa alumini uliobuniwa na Patrick Hourcade, ukifuata mistari ya bustani bila jani hata moja. Kama uhalisi ungekuwa ndani ya mmea, bustani hiyo ingehesabiwa kuwa imekufa siku ile. Kama ungekuwa ndani ya mchoro peke yake, alumini ingetosha milele na watunza bustani wangerudi kwao. Hakuna aliyeridhika na lolote kati ya hayo. Watu waliendelea kutafuta mmea unaoweza kuvumilia makasi na kushinda viwavi, kwa sababu bustani ni mchoro unaotunzwa katika kitu kinachoota, na ukitoa kimoja kati ya vitatu hivyo, yaani mchoro, utunzaji na uhai, unabaki na kitu kingine. Buksi ikibadilishwa na kichaka kingine kinachofaa, bustani itabaki. Watunzaji wakiondoka, hata buksi zilezile za zamani hazitaiokoa.

Kwa hiyo nina ushauri kwa anayepanga kwenda Villandry, au kwenye kasri lolote lenye bustani ya namna hii. Aanze juu ya mnara mkuu, kwa sababu kazi hii ilichorwa ili itazamwe kutoka juu, na akiwa chini ataona kabichi bila kuona mraba. Kisha ashuke aikaribie ile miti ya tilia atazame vifundo vya matawi yake, vilivyovimba kwa kukatwa mahali palepale mwaka baada ya mwaka, kwani hapo ndipo umri wa bustani unaposomeka. Avuke hadi bustani ya jua iliyoongezwa mwaka 2008, ajionee kwamba ukoo wa Carvallo haukuona sababu ya kusimamisha saa mahali popote. Na kabla ya kuondoka aulize maswali matatu: mchoro huu mmeutoa wapi, nini kilikuwapo hapa kabla yake, na nani anaufanyia kazi leo? Villandry inajibu yote matatu, ingawa jibu lake la kwanza lina mapengo. Bustani inayoyakwepa, hata ikiwa na barua ya mfalme ukutani, haistahili kiingilio.